Kadi ya Michoro Inachemka, Feni Zinanguruma: Mwongozo Kamili wa Kuipoza Hatua kwa Hatua

Malalamiko ni yaleyale kila wiki. Gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kumi feni za kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za skrini, zinapiga kelele hadi huwezi kusikia hatua za adui bila hedifoni, na fremu, yaani picha zinazotengenezwa kila sekunde, zinaanza kushuka. Mtu anapandisha feni hadi asilimia 100, au ananunua pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na kipozeo) na kuifungua kadi jioni hiyohiyo. Wiki mbili baadaye joto limerudi palepale.

Wengi hukwama kwa sababu wanaanzia mwisho. Feni haipunguzi joto linalozalishwa, inalihamisha tu. Kadi inayokula wati 170 inamwaga wati 170 za joto ndani ya kasha, feni ziende taratibu au ziende mbio. Kwa hiyo tunaanza kwa kupima, tunasafisha, tunafungua njia ya hewa, tunapunguza umeme unaoliwa, ndipo tunapanga feni. Pesti ni ya mwisho, na wengi hawatahitaji kuifikia.

Mfano tunaoutumia ni kadi ya Nvidia, GeForce RTX 3060 ya feni mbili, kwenye chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 31 mchana. Ukiwa na kadi nyingine, namba zitabadilika lakini hatua ni hizihizi.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ndogo za nyota, PH1 na PH0
- Brashi laini ya kupakia rangi, upana wa inchi moja, mpya na kavu
- Kopo la hewa au blowa ndogo ya umeme ya kusafishia kompyuta
- Vijiti vya pamba vya masikio
- Kipimajoto cha chumba
- Programu za MSI Afterburner (ya kupanga kadi), GPU-Z (ya kusoma joto na wati) na Unigine Heaven (ya kuipa kadi kazi ya majaribio). Zote zinapatikana bure

Kwa hatua ya pesti tu: alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pesti nzuri (Arctic MX-4, Noctua NT-H1 au ya kiwango hicho), na pedi za joto (vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye sehemu nyingine za ubao) ikiwa za zamani zitachanika. Usinunue vya hatua hii kabla hujafika.

Hewa ya kompresa ya gereji usiitumie. Ndani yake mna maji na mafuta, na mgandamizo wake unaweza kung'oa panga za feni.

## Joto gani ni tatizo?

Usiogope kila namba inayoanza na 8. RTX 3060 imetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 93. Kadi za Radeon (za kampuni ya AMD) za RX 5000 na RX 6000 zinaruhusu hadi nyuzi 110 kwenye sehemu ya chipu yenye joto zaidi. Hata hivyo, kadi za Nvidia huanza kupunguza kasi mapema sana, hatua ndogo ya takriban MHz 15 kila joto linapopanda, kwa hiyo kadi ya nyuzi 70 itakupa fremu thabiti kuliko ya nyuzi 83 hata kama zote ziko salama.

Kuna jambo linalowachanganya watu wetu. Majaribio mengi unayoyasoma hufanywa ndani ya vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Kadi hupoa kwa kulinganisha na hewa iliyoizunguka: ikiwa juu ya hewa ya chumba kwa nyuzi 48, chumba cha nyuzi 21 kitaonyesha 69, na chumba cha nyuzi 31 kitaonyesha 79. Kadi ni ileile na haina ubovu. Ndiyo maana kipimajoto cha chumba kipo kwenye orodha.

Kwa chumba cha joto la Pwani, lenga nyuzi 70 hadi 78 ukiwa ndani ya gemu, na feni zisizidi asilimia 60. Hilo linawezekana bila kununua kadi mpya.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Washa gemu unayoicheza kila siku, au Unigine Heaven kwa mipangilio ya juu, kwa dakika 20. Dakika tano hazitoshi, maana vyuma vya kupozea na hewa ya ndani ya kasha huchukua muda kupata joto.

Fungua GPU-Z, ukurasa wa vihisi, uandike namba tano kwenye karatasi: joto la chumba, joto la chipu, joto la sehemu yenye moto zaidi (imeandikwa "Hot Spot"), mizunguko ya feni kwa dakika, na wati.

Kisha fungua ubavu wa kasha na ucheze dakika 10 nyingine. Jaribio hili dogo linaamua mengi:

- Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, kadi yako inakosa hewa. Tatizo ni kasha.
- Likishuka nyuzi 1 au 2 tu, tatizo liko kwenye kadi yenyewe: vumbi, pesti, au umeme mwingi.

Angalia pia tofauti kati ya chipu na sehemu yenye moto zaidi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni ya kawaida. Ikizidi 25, weka alama kwenye karatasi. Huenda utafika hatua ya pesti.

FurMark, programu nyingine ya kuijaribu kadi, iache. Inaibebesha kadi mzigo ambao hakuna gemu inayoubeba, na namba zake hazitakusaidia kupanga chochote.

Sikiliza pia ni sauti ya namna gani. Mvumo wa hewa unatokana na kasi ya feni. Kukwaruza au kugonga kunakobadilika ukiinamisha kasha ni beringi iliyochoka. Mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na fremu hautoki kwenye feni kabisa, unatoka kwenye koili za umeme. Dawa yake ni kufunga fremu, yaani kuziwekea kikomo, hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Safisha

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili chaji iliyobaki iishe. Shika chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kadi.

Ondoa skrubu za upande wa nyuma, chomoa kebo ya umeme kwa kubana ulimi wake (usivute nyaya zenyewe), bonyeza kishikizo kilicho mwisho wa tundu la ubao mama, kisha itoe kadi ikiwa imenyooka. Kadi zikivutwa kwa nguvu kabla kishikizo hakijaachia, tundu huvunjika.

Ilaze mezani, feni zikikutazama, umulike tochi katikati ya panga. Vumbi unaloliona juu ya panga si tatizo kubwa. Angalia chini yake, pale mapezi ya aluminiamu yanapoanza: mara nyingi kuna tabaka la kijivu lililoshikana kama kipande cha sufi, limefunika nafasi ambazo hewa inatakiwa kupita. Feni inazunguka, hewa inagonga sufi hiyo na kurudi. Hapo ndipo nyuzi 8 au 10 zako zilipopotelea.

Zuia panga kwa kidole kabla ya kupuliza, kila feni, kila mara. Feni ikizungushwa na hewa hupita kasi iliyotengenezewa, beringi inaumia, na inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye ubao. Puliza kwanza kutoka ubavuni, kufuata njia ya mapezi, ili sufi itoke ilikoingilia. Kisha tumia brashi kwa mikwaruzo midogo. Kingo za panga zifute kwa vijiti vya pamba.

Wanaoishi karibu na bahari, Tanga, Mombasa au Unguja, mtakuta vumbi limenata kwa sababu hewa ina chumvi na unyevu. Lisipotoka kwa hewa kavu, lowesha brashi kidogo kwa isopropili, safisha mapezi tu, uyaache yakauke saa moja. Maji ya bomba yasiguse kadi.

Feni za kasha na vichujio vya mbele usivisahau. Rudisha kila kitu, pima tena kwa dakika 20. Kadi ambayo haijafunguliwa mwaka mzima katika nyumba ya madirisha ya nyavu mara nyingi hushuka nyuzi kadhaa kwa hatua hii peke yake.

## Hatua ya 3: Fungua njia ya hewa

Hatua hii ni ya walioona joto linashuka walipofungua ubavu. Wengine mnaweza kuipitia haraka.

Kasha linahitaji hewa baridi iingie mbele na hewa ya moto itoke nyuma. Feni mbili za milimita 120 mbele na moja nyuma zinatosha kabisa kwa kadi ya wati 170. Kujua feni inapuliza upande gani, tazama plastiki inayoizunguka: hewa hutokea upande wenye mikono inayoshika injini. Makosa tunayokutana nayo mara nyingi ni feni za mbele zilizofungwa kinyume, zikinyonya hewa kutoka ndani ya kasha.

Makasha yenye kioo kizima mbele yanapendeza lakini yanaibana kadi. Ukiweza, ondoa kioo hicho au kiweke mbele kidogo, hata kwa sentimita 2. Kompyuta za ofisini zilizotumika, zile nyembamba ambazo watu huziwekea GTX 1650, huwa na feni moja tu na nafasi finyu. Humo usiweke kadi inayozidi wati 75.

Kasha lisikae ndani ya kabati la meza wala juu ya zulia. Liache sentimita 15 kutoka ukutani. Na pangaboi likiwa linazunguka, hewa ya moto inayotoka nyuma haibaki pale chini ya meza ikinyonywa tena.

## Hatua ya 4: Funga fremu

Hii ni hatua rahisi kuliko zote na inaachwa na karibu kila mtu. Monita ya 60 Hz inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza 140, zile 80 za ziada ni joto na kelele. Kwenye menyu za baadhi ya gemu kadi hutengeneza mamia ya fremu ukiwa unachagua timu tu, ndiyo maana feni hunguruma hata kabla mechi haijaanza.

Kwenye paneli ya Nvidia, nenda kwenye mipangilio ya 3D, tafuta "Max Frame Rate", weka 60 kwa monita ya 60 Hz. Kwenye monita ya 144 Hz weka kiasi ambacho kadi yako inakifikia bila kuhangaika, mfano 90 au 100. Wenye Radeon watumie "Frame Rate Target Control" kwenye programu ya AMD, au RivaTuner inayokuja pamoja na Afterburner.

Umefanikiwa ukiona matumizi ya kadi yameshuka chini ya asilimia 95 na wati zimepungua. Kwa gemu nyepesi za mpira au za ushindani, wengi wataishia hapa na kelele itakuwa imekwisha.

## Hatua ya 5: Punguza volti

Sasa tumefika kwenye kiini. Viwanda huweka volti kubwa kuliko inayohitajika ili hata chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi. Yako huenda haiihitaji. Na umeme unaoliwa na chipu hufuata mraba wa volti (volti mara volti): ukishuka kutoka volti 1.05 hadi 0.875 kwa kasi ileile, chipu inakula takriban asilimia 30 pungufu. Kadi nzima haishuki kwa kiasi hicho, kwa kuwa kumbukumbu na feni zina mgawo wao, lakini utaona tofauti kubwa na fremu zitabaki karibu zilezile.

Volti ndogo haiunguzi kadi. Ikizidi kuwa ndogo, gemu inajifunga au skrini inakuwa nyeusi, unawasha upya na kurekebisha.

1. Cheza dakika 15 ili kadi ipate joto. Andika kasi inayoshikilia, tuseme MHz 1850. Usipange kadi ikiwa baridi, maana mchoro wa volti hupanda na kushuka kwa joto na namba zako zitahama.

2. Fungua Afterburner, bonyeza Ctrl na F. Utaona mchoro: volti chini, kasi pembeni.

3. Rudi dirisha kuu, shusha "Core Clock" hadi -250, bonyeza alama ya vema. Mchoro mzima utashuka.

4. Kwenye mchoro, tafuta nukta iliyo juu ya 875 mV (milivolti, yaani volti 0.875). Iburute juu hadi 1850.

5. Hakikisha nukta zote za kulia kwake ziko chini yake. Zilizobaki juu, shika Shift, zifunike kwa kuburuta kipanya, uzishushe. Bonyeza vema tena. Mstari ukilala sawasawa kuanzia 875 mV kwenda kulia, umepatia.

6. Cheza dakika 30, ukitazama GPU-Z. Volti isizidi 0.875.

Gemu ikijifunga, ongeza mV 25 au punguza MHz 30, kisha jaribu tena. Isipojifunga, unaweza kushuka hadi 850. Usifukuze namba ndogo zaidi. Tofauti ya mV 12 haitasikika masikioni, lakini itakuangusha katikati ya mechi.

Usiruhusu mpangilio huu ujiwashe na Windows mpaka umecheza siku mbili au tatu, gemu tofauti, bila tatizo. Ukiruhusu mapema na ukawa mbaya, kompyuta itaganda kila unapoiwasha.

Kwa Radeon, fungua AMD Software, sehemu ya "Performance" kisha "Tuning", chagua marekebisho ya mkono, ushushe volti mV 25 kila mara, ukijaribu kila hatua kama hapo juu.

Ukiona haya yote ni mazito, ipo njia fupi: shusha "Power Limit" hadi asilimia 80. RTX 3060 itazuiwa isipite wati 136 hivi. Utapoteza fremu chache zaidi kuliko kwa kupunguza volti, lakini ni kitelezi kimoja na hakiangushi gemu.

## Hatua ya 6: Panga feni

Sasa joto limepungua, tunaweza kuzituliza feni. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: mizunguko ikipungua kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Kutoka 3000 hadi 2100 tu unapunguza karibu desibeli 8.

Kwenye mipangilio ya Afterburner, ukurasa wa feni, ruhusu mpangilio wa mkono na uweke nukta hizi kama mwanzo:

- Nyuzi 50: asilimia 30
- Nyuzi 60: asilimia 38
- Nyuzi 68: asilimia 46
- Nyuzi 75: asilimia 56
- Nyuzi 82: asilimia 80
- Nyuzi 87: asilimia 100

Mstari uwe mlalo kidogo kati ya 60 na 75, kwa kuwa hapo ndipo kadi itakaa muda mwingi. Sikio linazoea mvumo usiobadilika. Linachoshwa na feni inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache. Kwa sababu hiyo, weka pia "Temperature hysteresis" kuwa 4 au 5, ili feni isishuke mpaka joto limeshuka kwa nyuzi hizo.

Kama feni zinasimama na kuwaka kila dakika ukiwa unatazama video tu, ondoa hali ya kusimama kabisa na uziache zizunguke kwa asilimia 30. Kuanza na kusimama kunachosha beringi kuliko kuzunguka taratibu.

Laptopu nyingi hazikubali kupangiwa feni kwa Afterburner. Kwa hizo tegemea hatua ya 4, na ya 5 ikiruhusiwa, na uinue upande wa nyuma sentimita 3.

## Hatua ya 7: Pesti, kwa wanaohitaji tu

Ingia hapa ikiwa tofauti kati ya chipu na sehemu yenye moto zaidi bado inazidi nyuzi 25, au joto halikubadilika hata baada ya yote. Kama kadi ina waranti, uliza kwanza kwa muuzaji.

Cheza dakika tano ili pesti kavu ilainike, zima, toa kadi. Fungua skrubu nne zilizozunguka chipu kwa kupishana pembe, robo mzunguko kila moja, kisha za pembeni. Kipozeo kisipoachia, kizungushe kidogo kushoto na kulia. Usikichokonoe kwa bisibisi. Kikishaachia, kinyanyue sentimita chache tu kwanza: kebo ya feni imefungwa kwenye ubao na huchomoka vibaya ikivutwa.

Piga picha pedi zote kabla ya kuzigusa. Zikiwa nzima, ziache. Zikichanika, nunua za unene uleule, na unene hutofautiana kutoka kadi hadi kadi na hata ndani ya kadi moja. Pedi ikizidi kwa nusu milimita, kipozeo hakiifikii chipu na joto linakuwa baya kuliko mwanzo. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kubadilisha pesti na kujuta.

Futa pesti ya zamani kwa isopropili hadi chipu ing'ae kama kioo. Chipu ya kadi haina kifuniko, kwa hiyo pesti lazima iifunike yote: isambaze tabaka jembamba hadi kwenye pembe nne. Pesti ya chuma kimiminika usiiguse. Inapitisha umeme na inakula aluminiamu.

Rudisha kebo ya feni kwanza, kisha kipozeo, kaza kwa kupishana pembe. Pima dakika 20. Tofauti ikirudi kati ya nyuzi 10 na 15, umefanikiwa. Ikizidi ya awali, fungua ukaangalie alama ya pesti juu ya kipozeo: palipobaki bila alama ndipo pedi iliyo karibu inapokizuia.

## Feni inayokwaruza

Hakuna programu itakayoponya beringi iliyochoka, na kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali mara nyingi huja na feni za namna hii. Toa kifuniko cha plastiki, usome namba kwenye kibandiko cha katikati ya feni, ununue yenye namba hiyohiyo: kipenyo, umbali wa matundu ya skrubu na plagi vyote vinategemea namba hiyo. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zimezunguka saa zilezile. Kabla ya kufunga kasha, washa kompyuta, weka feni asilimia 30, kisha 60, kisha 100, ukisikiliza kila moja kwa nusu dakika.